Kuwasilisha Mada ya Biashara kwa Slaidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapojiandaa kusimama mbele ya wakuu wake, wateja au wawekezaji akiwa na slaidi mkononi. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale yanayotokea kwa nadra lakini yakitokea humkuta mtu hana jibu. Jibu likigusa swali jingine, nimetaja namba yake badala ya kurudia maelezo.

## Kabla ya kufungua kompyuta

1. Naanzia wapi? Nifungue tu programu ya slaidi?

Anza na karatasi tupu na ujibu kwa sentensi moja: nikimaliza kuzungumza, nataka watu hawa wafanye nini? Waidhinishe bajeti? Wachague kati ya njia mbili? Wapandishe bei? Kama jibu lako ni "wapate uelewa", endelea kujiuliza mpaka litoke tendo. Kikao cha biashara ambacho hakuna anayetarajiwa kuamua chochote kingetosha kuwa barua pepe.

Ukishaipata sentensi hiyo, andika maswali matatu au manne ambayo watu hao watayauliza kabla ya kukubali. Wa fedha atataka kujua gharama na lini fedha itarudi. Wa uendeshaji atauliza kazi itafanywa na nani. Anayeijua biashara kwa miaka mingi atauliza kwa nini safari hii itafanikiwa ilhali mara ya kwanza ilishindikana. Majibu ya maswali hayo, yakipangwa yafuatane, ndiyo mada yako. Ukifika kwenye programu ya slaidi ukiwa nayo tayari, utagundua kwamba nyingi ya slaidi ulizopanga kutengeneza hazina kazi.

2. Ni lazima nitumie slaidi?

Si lazima. Slaidi inastahili nafasi pale inapoonyesha kitu ambacho mdomo hauwezi kukionyesha: grafu, picha ya bidhaa, mchoro wa mfumo, namba mbili zinazolinganishwa. Hoja ndefu yenye masharti na "endapo" nyingi husomeka vizuri zaidi kwenye waraka. Mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliondoa PowerPoint (programu ya slaidi) kwenye vikao vya viongozi wa juu wa Amazon. Badala yake mwenye hoja huandika waraka usiozidi kurasa sita, na kikao huanza kwa wote kuusoma kimya. Na kama mko wawili au watatu mezani, karatasi moja iliyochapishwa hufanya kazi vizuri kuliko skrini, kwa kuwa kila mmoja anaweza kuiandika juu.

3. Kuna tofauti gani kati ya slaidi za kuzungumzia na slaidi za kutuma zisomwe?

Hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa kwanza kila mara, kwa sababu slaidi nyingi mbaya zimetokana na kutolijibu. Slaidi ya kuzungumzia haijitoshelezi, na haitakiwi ijitosheleze: inamhitaji msemaji. Slaidi ya kusomwa haina msemaji, kwa hiyo lazima ibebe kila kitu. Mtu akitengeneza faili moja lifanye kazi zote mbili, linakuwa na maneno mengi mno kwa ukumbini na machache mno kwa aliyekosa kikao.

Ukumbini madhara yake huonekana mara moja. Watu husoma kimoyomoyo haraka kuliko wewe unavyozungumza. Ukifungua slaidi yenye aya, wanaisoma yote wakati wewe uko mstari wa pili, kisha wanakusubiri umalize. Muda huo wote hawakusikilizi, maana kusoma na kusikiliza vyote ni kazi ya lugha na akili haimudu kuvifanya pamoja vizuri. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha katika majaribio yake kwamba watu huelewa zaidi wakipewa picha na maelezo ya sauti kuliko wakipewa picha, sauti na maandishi yanayoirudia sauti ileile.

Suluhisho halihitaji kazi mara mbili. Slaidi ibaki na maneno machache, na maelezo kamili yaandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya msemaji iliyo chini ya kila slaidi. Siku ya kikao onyesha slaidi. Baada ya kikao, hifadhi faili kama PDF ukichagua kurasa zenye maelezo: kila ukurasa utakuwa na slaidi juu na maelezo chini. Huo ndio waraka wa kutuma.

4. Programu ipi ni bora?

Ile ambayo kompyuta ya ukumbini inaifungua bila kuharibu kazi yako. PowerPoint (iliyotoka mwaka 1987, mwanzoni kwa ajili ya Macintosh), Keynote, Google Slides na LibreOffice Impress zote zinatosha. Uliza mapema utatumia kompyuta ya nani, kisha soma swali la 21.

## Idadi na muda

5. Slaidi ngapi zinatosha kwa dakika 20?

Namba unazozisikia zilitungwa kwa mazingira fulani. Guy Kawasaki, aliyekuwa akisikiliza wajasiriamali wakiomba mtaji, alipendekeza slaidi 10, dakika 20, na herufi zisizopungua pointi 30. PechaKucha, mtindo wa kuwasilisha ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham, hutumia slaidi 20 zinazopita zenyewe kila baada ya sekunde 20, yaani dakika 6 na sekunde 40 tu. Mitindo yote miwili hufanya kazi, na idadi zao hazifanani hata kidogo.

Hesabu mambo unayotaka kuyasema, si slaidi. Slaidi tatu zenye jambo moja moja hupita haraka kuliko slaidi moja iliyosheheni mambo matatu, na msikilizaji hapotei njiani. Kipimo cha kuaminika ni kimoja: simama, sema mada yote kwa sauti, na uangalie saa. Kuisoma kimya kutakudanganya kila mara, kwa kuwa kimya hakuna kumeza mate, kutafuta neno wala kusubiri slaidi ifunguke.

6. Nimepewa dakika 30. Nizitumie zote?

Andaa za kutosha dakika 18 hadi 20. Kikao kitachelewa kuanza, mtu atauliza swali katikati, na uamuzi wenyewe unahitaji muda wa kujadiliwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa sababu mwasilishaji alimaliza mapema.

## Kuandika slaidi

7. Slaidi moja iwe na maneno mangapi?

Wako wanaofundisha vidokezo visivyozidi sita, kila kimoja maneno yasiyozidi sita. Ni kanuni rahisi kukumbuka, lakini slaidi yenye vidokezo sita bado ni orodha, na wasikilizaji watakuwa wameimaliza ukiwa kwenye cha pili. Mimi hupendelea kipimo hiki: kama slaidi haiwezi kueleweka kwa mtupo mmoja wa jicho, ama igawe ama ihamishie maelezo kwenye sehemu ya msemaji (swali la 3).

Kuna wakati maandishi marefu ni lazima, kwa mfano kifungu cha mkataba kinachobishaniwa. Basi kionyeshe, kisha nyamaza mpaka wamalize kukisoma. Kimya cha sekunde kumi kitaonekana kirefu kwako peke yako.

8. Kichwa cha slaidi kiandikweje?

Kiandikwe kama sentensi inayodai jambo. Chukulia slaidi yenye kichwa "Mauzo ya Robo ya Tatu" na grafu chini yake. Watu kumi wataitazama na kuondoka na maana kumi: mmoja ataona mauzo yameshuka, mwingine ataona mwezi wa mwisho umepanda, mwingine ataanza kutafuta eneo lake. Sasa badilisha kichwa kiwe "Mauzo yameshuka kwa sababu wateja wa zamani hawarudi". Grafu ni ileile, lakini sasa kila jicho linajua linatafuta nini, na anayepinga anajua anapinga nini.

Kichwa cha namna hii kinakubana na wewe pia. Ukishindwa kukiandika, huenda slaidi haina hoja, au ina hoja mbili. Na ukiandika "hawarudi", grafu ya mauzo ya jumla haitoshi tena. Unahitaji ile inayotenganisha wateja wapya na wa zamani. Kichwa kimekuambia uonyeshe nini.

Ukimaliza, soma vichwa peke yake, kimoja baada ya kingine: "Mauzo yameshuka kwa sababu wateja wa zamani hawarudi." "Wengi wanaondoka baada ya kusubiri mzigo zaidi ya siku saba." "Ghala la pili litapunguza kusubiri kuwe siku tatu." "Tunaomba idhini ya kukodi ghala kuanzia mwezi ujao." Mtu aliyesoma hayo tu ameipata hoja nzima. Ukikuta pengo kati ya vichwa viwili, pengo hilo liko kwenye hoja yako, na kuna mtu kwenye kikao atakayeliona.

9. Nina habari mbaya. Niiweke wapi?

Juu, kwenye kichwa, kwa herufi kubwa kama zile za habari njema.

Mfano mzito zaidi wa jambo hili ni wa Januari 2003, chombo cha anga Columbia kilipokuwa angani. Kipande cha povu gumu la kuhami joto kilikuwa kimegonga bawa wakati wa kuruka, na wahandisi wakaieleza NASA, shirika la anga la Marekani, hatari hiyo kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilitoa matumaini. Chini kabisa, kwenye vidokezo vya mwisho, ndipo palipoonyesha kwamba kipande kilichogonga kilikuwa na ujazo wa inchi 1,920 za ujazo, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi 3 za ujazo. Yaani data yote iliyokuwepo ilihusu kitu kidogo mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani na wanaanga wote saba wakafa. Bodi iliyochunguza ajali hiyo, katika ripoti yake ya Agosti 2003, ilikosoa waziwazi desturi ya kutumia slaidi mahali pa ripoti za kiufundi.

Mada yako huenda inahusu bajeti tu, lakini utaratibu ni uleule: anayeamua husoma kichwa, hutazama katikati, na mara nyingi hafiki chini. Hatari ukiificha kwenye kidokezo cha nne, umeamua kwa niaba yake kwamba haina uzito.

10. Herufi ziwe na ukubwa gani, na rangi zipi?

Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pointi 24, vichwa viwe juu ya hapo. Kwa rangi, viwango vya kimataifa vya upatikanaji wa maudhui kwenye wavuti vinataka utofauti wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kwenye slaidi lenga juu ya hapo, kwa sababu projekta kwenye chumba chenye mwanga wa jua hufifisha kila kitu: kijivu kilichopendeza kwenye laptopu hupotea kabisa ukutani.

Usitegemee nyekundu na kijani pekee kutofautisha faida na hasara. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana upofu wa rangi wa aina fulani, na wapo kwingineko pia. Ongeza alama au neno: "faida", "hasara".

11. Nitumie grafu ipi?

Mwaka 1984 watafiti William Cleveland na Robert McGill walipima jinsi macho yanavyosoma grafu. Walikuta kwamba tunalinganisha vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa kipimo vizuri zaidi kuliko pembe na maeneo. Ndiyo maana grafu ya mihimili huishinda ya duara karibu kila mara: asilimia 23 na asilimia 26 kwenye duara zinafanana, kwenye mihimili tofauti inaonekana bila kuuliza. Kwa mambo yanayobadilika na wakati, tumia mstari. Duara liachie pale unapotaka kuonyesha sehemu moja kubwa dhidi ya zilizobaki.

Baada ya kuchagua, punguza. Ondoa vivuli na umbo la pande tatu. Hupotosha urefu wa mihimili. Ondoa kisanduku cha maelezo ya rangi, andika jina pembeni mwa kila mstari, jicho lisiende na kurudi. Mihimili yote iwe ya kijivu isipokuwa ule unaouzungumzia. Na mihimili ianzie sifuri. Ukiikata chini, ongezeko dogo litaonekana kubwa, na mtu wa fedha akiligundua hilo hataamini namba yako nyingine yoyote siku hiyo.

12. Nina jedwali la safu 40 ambalo ni lazima walione. Nifanyeje?

Chapisha na uwagawie, au litume kabla ya kikao. Kwenye skrini onyesha safu tatu zinazobeba hoja. Kama umejikuta ukipanga kusema "najua hamuoni vizuri, lakini…", slaidi hiyo itoe.

13. Vipi kuhusu picha na vitu vinavyocheza?

Picha ya bidhaa halisi, ya mashine iliyoharibika au ya foleni ya wateja inasema mengi. Picha ya watu wasiojulikana wakipeana mikono haisemi kitu. Mbwembwe za slaidi kuzunguka na kupepea ziache. Ziko na faida moja tu kubwa: kufunua kitu hatua kwa hatua. Grafu ngumu ikifunuliwa mhimili mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati unaoutaja, wasikilizaji wanaijenga pamoja na wewe.

## Kusimama na kuzungumza

14. Nisome, nikariri, au nizungumze tu?

Kariri vitu vitatu: sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na sentensi ya kuvukia kutoka slaidi moja kwenda nyingine. Vilivyobaki vizungumze. Sentensi ya kuvukia ndiyo watu wengi huisahau, na ndipo inapozaliwa "eeh… slaidi inayofuata inaonyesha…". Sema kwanza, kisha bonyeza: "Basi hao wateja wamekwenda wapi?", halafu slaidi inafunguka na jibu. Anayebonyeza kwanza kisha akageuka kutazama kilichotokea anaongozwa na slaidi zake.

Usisome kutoka ukutani. Hali ya mwasilishaji kwenye programu nyingi hukuonyesha maelezo yako, slaidi inayofuata na saa kwenye skrini yako, huku wasikilizaji wakiona slaidi pekee.

15. Nianzeje?

Salamu fupi, jina kama hawakujui, kisha jambo lenyewe. "Kati ya kila wateja kumi tuliowapata mwaka jana, sita hawajarudi. Leo naomba idhini ya hatua moja itakayobadilisha hilo." Historia ya kampuni na wasifu wako havina haja ya dakika za mwanzo, ambazo ndizo watu huwa macho zaidi. Slaidi ya "ajenda" nayo haihitajiki kwa mada ya dakika 20. Sentensi moja ya mdomo inatosha.

16. Ni kweli kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano?

Si kweli. Namba hizo (7 maneno, 38 sauti, 55 uso) zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967. Yalihusu jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji, kama anapenda au hapendi, pale maneno, sauti na uso vinapopingana, na kwenye sauti alitumia neno moja moja. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hayahusu mawasiliano kwa jumla. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, ungemwelewa vizuri mtu anayezungumza lugha usiyoijua. Sauti na mwili vinakusaidia au kukuangusha, lakini mteja anasaini kwa sababu ya ulichosema.

17. Natetemeka. Nifanyeje?

Hofu huwa kali zaidi dakika za mwanzo, kisha hushuka; ndiyo sababu sentensi ya kwanza inakaririwa (swali la 14). Fika mapema, simama mahali utakaposimama, sema sentensi mbili kwa sauti chumba kikiwa tupu. Zungumza na wawili watatu wanapoingia, ili ukianza kuna nyuso unazozijua. Kabla ya kuanza, vuta pumzi na uitoe taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Usishike karatasi, karatasi hutangaza mtetemo wa mkono.

Fanya mazoezi kwa sauti na umesimama, zaidi ya mara moja, angalau mara moja mbele ya mtu. Mazoezi ya kichwani hayaufundishi ulimi.

18. Watu wameanza kushika simu. Nifanye nini?

Badilisha kitu. Kwenye PowerPoint, kitufe cha B huzima skrini iwe nyeusi, ukikibonyeza tena inarudi. Skrini ikizimika, nyuso huinuka zenyewe. Hapo uliza swali ambalo kweli unataka jibu lake: "Kwenye timu yako, mteja wa mwisho kuondoka aliondoka kwa sababu gani?"

Lakini jiulize pia kama unazungumzia jambo lao au lako. Mara nyingi simu hutoka pale msemaji anapoeleza jinsi alivyofanya kazi, wakati wao wanasubiri matokeo. Mbinu za uchunguzi wako ziweke kwenye slaidi za akiba (swali la 19).

19. Niruhusu maswali katikati au niyaache mwishoni?

Kwenye kikao cha biashara ruhusu katikati. Ukimwambia mkuu "tutafika huko", atabaki na swali lake na hatakusikia. Jibu kwa ufupi, kisha rudi kwenye mstari wako.

Slaidi za akiba huwekwa baada ya slaidi ya mwisho: mchanganuo wa gharama, njia mbadala ulizozikataa, vyanzo vya data. Andika namba zake kwenye karatasi. Ukiulizwa, charaza namba ya slaidi, bonyeza Enter, na PowerPoint itakupeleka hapo bila kupitia nyingine zote mbele ya watu. Usichokijua sema hukijui, taja utakileta lini, na ukilete siku hiyo.

Slaidi ya mwisho isiwe "Asante" wala "Maswali?". Mjadala unaweza kuchukua dakika kumi, na muda wote huo skrini inaonyesha kitu. Iache ionyeshe unachoomba: kiasi, tarehe, na nani ataidhinisha.

## Mitambo na mtandao

20. Kuwasilisha kwa njia ya video kuna tofauti gani?

Skrini ni ndogo, wengine wako kwenye simu, kwa hiyo ongeza ukubwa wa herufi na upunguze zaidi yaliyomo. Slaidi zibadilike mara nyingi zaidi, kwa kuwa hawana kingine cha kutazama. Mbwembwe hukatikakatika kwenye intaneti dhaifu. Shiriki dirisha la slaidi pekee, si skrini nzima, na zima arifa. Maswali yaelekeze kwa jina la mtu, ukiuliza "kuna swali?" mtandaoni utajibiwa na kimya.

21. Faili limefunguka vibaya kwenye kompyuta yao. Kwa nini?

Mara nyingi ni fonti, yaani muundo wa herufi. Kompyuta isiyo na fonti uliyotumia huweka nyingine, mistari inasogea, maneno yanatoka nje ya visanduku. Tumia fonti za kawaida, au uziambatishe kwenye faili wakati wa kuhifadhi. Sababu ya pili ni umbo la skrini: slaidi za 16:9 kwenye projekta ya 4:3 huacha nafasi nyeusi juu na chini, na kila kitu kinakuwa kidogo. Ya tatu ni video iliyobaki kwenye kompyuta yako.

Beba faili lenyewe na nakala ya PDF kwenye flashi, na ujitumie kwa barua pepe. PDF haina video wala vitu vinavyofunuka, lakini hufunguka karibu popote. Chukua adapta za HDMI na USB-C, na kumbuka waya wa VGA haubebi sauti.

22. Projekta ikizimika katikati?

Endelea kuzungumza. Aliyejiandaa kwa sentensi za vichwa (swali la 8) anaweza kuisema hoja yote bila skrini. Mpe mtu mwingine kazi ya kushughulikia projekta, wewe baki na watu.

## Hali ngumu zaidi

23. Nimefika mlangoni nikaambiwa muda umepungua kutoka dakika 30 hadi 10.

Usiongeze kasi, hutaeleweka. Sema unachoomba, sababu moja kubwa yenye grafu yake, gharama, na hatari kuu. Slaidi nne, uzirukie kwa namba kama ilivyo kwenye swali la 19. Zichague nyumbani kabla, kila mara, hata kama hakuna aliyekutishia kupunguza muda.

24. Bosi anataka kila kitu kiwe kwenye slaidi.

Mara nyingi bosi anaogopa kitu mahususi: kwamba mtu atauliza na jibu halitaonekana. Mwonyeshe slaidi za akiba na waraka wa PDF wenye maelezo. Akiona hakuna kilichopotea, hulegea. Akishikilia, tumia kichwa cha sentensi juu ya slaidi iliyojaa. Hata iliyosongamana inasomeka ikiwa kichwa kinasema jambo.

25. Natakiwa kuwasilisha slaidi zilizotengenezwa na mtu mwingine.

Omba akuambie hoja kwa mdomo kwa dakika tano, bila slaidi. Kisha andika upya vichwa kwa maneno yako hata kama huruhusiwi kugusa kingine. Namba usiyojua imetoka wapi, iulize au iondoe.

26. Tuko watatu tunaowasilisha pamoja.

Gawaneni kwa sehemu kubwa, si slaidi kwa slaidi. Anayemaliza amtambulishe anayefuata kwa kutaja jambo, siyo jina tu: "Gharama za haya yote ataeleza mwenzangu." Mmoja awe na kazi ya kugawa maswali. Fanyeni mazoezi ya makabidhiano hata kama hamna muda wa kufanya ya mada nzima.

27. Slaidi ziko kwa lugha moja, nami nitazungumza nyingine.

Hapa punguza maandishi hadi namba, grafu na majina. Sentensi nzima ya lugha nyingine itawafanya wakusikilize nusu huku wakitafsiri nusu. Istilahi ambazo watazikuta kwenye mkataba au mfumo ziache kama zilivyo na uzieleze kwa mdomo mara ya kwanza zinapojitokeza.

28. Wamekubali kabla sijafika slaidi ya tano. Niendelee?

Simamisha hapo. Rudia uamuzi kwa sauti ili usikike na wote, uliza nani ataanza na lini, na uhakikishe kuna mtu anayeandika. Kuendelea kutetea jambo lililokwisha kubaliwa huwapa watu nafasi ya kupata shaka mpya. Slaidi zilizobaki zitume siku hiyohiyo pamoja na muhtasari wa uamuzi, ukitaja hatari kuu kwenye aya ya kwanza kama hukuwahi kuifikia kikaoni.